Keki Niliyoivusha Kisiwa Panza

Mwezi uliopita nilistaafu, nikarudisha funguo za stoo, nikavua aproni, na wenzangu wa jikoni wakanikalisha kitini kama bibi harusi. Tukanywa chai, ikasomwa dua, na kila aliyesimama kusema alisema kwamba mkono wangu una baraka. Nashukuru. Lakini mkono wangu hauna baraka kuliko yenu, una makovu ya moto mengi zaidi, basi. Asya, ambaye sasa ndiye anayeshika kazi ya keki, aliniuliza mbele ya watu wote: "Bi Riziki, ile aisingi yako haiyeyuki hata kaskazi ikiwaka. Siri yake nini?" Nilicheka nikamwambia nitamwandikia. Ndiyo haya ninayoyaandika. Vyeo nilivyopanda havimsaidii mtu kupamba keki, na mshahara wetu mnaujua. Nitaeleza namna nilivyojifunza, na niwaambie mapema kwamba nilijifunza kwa kuharibu.

Nilizaliwa Chake Chake, nikaolewa mapema na nikaachwa mapema. Miaka ya hamsini ilikuwa inamalizikia nilipopata kazi ya jikoni kwa mke wa daktari mmoja Mwingereza. Siku ya kwanza alinipa bakuli, siagi ya kopo, na mashine ya kupigia mayai, ile ya kuzungusha kwa mkono. Sikuwahi kuiona. Niliizungusha hewani kwanza nione inauma wapi. Yule bibi alicheka mpaka akakaa, kisha akaja akanishika mkono, akanionyesha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha kwa sababu ndicho alichofundishwa.

Kwake nilijifunza kuoka keki laini na kuipaka aisingi ya siagi. Unaipiga siagi mpaka iwe nyeupe, unatia sukari ya unga kidogo kidogo, unatia vanila, unapaka. Kisha keki inaingia kwenye friji. Ilikuwa friji ya mafuta ya taa, ikitoa moshi kama jiko na baridi kama maji ya kisima kirefu. Keki haikutoka humo mpaka wageni wamekaa na vikombe mkononi, na kabla ya dakika kumi ilikuwa imeshaliwa. Mimi friji ile sikuitia maanani. Niliona ni kabati, la kuzuia sisimizi.

Daktari alipohamishwa, mkewe aliniachia ile mashine na midomo sita ya bati ya kutolea maua. Nilivibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyerithi shamba. Wiki ile ile nikawatangazia majirani kwamba natengeneza keki za harusi.

Aliyeniamini mwanzo alikuwa Bi Salha wa Gombani, rafiki wa mama yangu, aliyekuwa anaoza binti yake. Ilikuwa kaskazi, miezi ile ambayo hata kuku hukaa uvunguni. Nilioka keki mbili za kupandana kwenye tanuri la Mzee Shaame, baada ya yeye kutoa mikate yake ya boflo ya asubuhi. Nikazipaka aisingi ya siagi, nikatoa mawaridi kumi na mawili ya rangi ya pinki. Saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wetu wenye kuta nene, zilipendeza kweli. Mama aliita majirani waje kuona. Nikaifunika keki kwa debe la bati lililokatwa, ili vumbi lisiingie, nikaibeba juani mpaka Gombani.

Sasa jengeni picha. Chumba cha wanawake kimejaa hapana pa kutia mguu. Madirisha yamefungwa, ili wanaume wasichungulie. Ubani unafuka. Bibi harusi amekaa katikati na nguo ya hariri aliyoazimwa na shangazi yake wa Unguja. Nikaiweka keki mbele yake, mtu mmoja akapiga kigelegele, na mimi nikalifunua debe.

Yale mawaridi yalikuwa yameshuka ubavuni, yananing'inia kama pua. Nikapata kuyaona tu, kisha aisingi yote ya juu ikateremka kwa pamoja, polepole, kama kanga inayomvuka mtu kiunoni. Ikajaa kwenye sinia. Ikamwagika ukingoni. Ikaingia mapajani mwa bibi harusi, kwenye ile hariri.

Kigelegele kilikatika katikati.

"Riziki, mwanangu," Bi Salha akasema, "nini hichi?"

"Aisingi, Bi Salha."

"Mbona yakimbia?"

Bibi harusi alianza kulia, na mimi nikachukua kijiko nikawa namkwangua siagi magotini, nikizidi kuisugua ndani ya nguo. Mtu mmoja akanishika bega akanitoa kwa mlango wa jikoni. Nilirudi nyumbani mchana ule na debe langu tupu.

Watu wa Chake hawakunitukana. Ingekuwa afadhali. Walilichukua jina langu wakalichezea. Nikipita sokoni mtu anamwambia mwenzake, "Leo riziki imeyeyuka," na mwenzake anaangalia pembeni ili asicheke. Mama yangu aliacha kwenda harusini. Siku moja nilimkuta amekaa jikoni na ukili mikononi, hausuki. Nikamwambia, "Mama, keki tu ile." Akanijibu, "Miye siililii keki. Nalilia jina nlokupa." Nikaifunga ile mashine kwenye kitambaa nikaisukuma chini ya kitanda. Mwaka mzima nilishona kofia.

Kilichonirudisha ni visheti. Tulikwenda arobaini ya jamaa yetu mmoja, wakati wa masika. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo, chumvi ya kila nyumba imegeuka maji, viatu vimeota ukungu. Pakaletwa sahani ya visheti. Nikachukua kimoja, na sukari yake ilikuwa kavu. Nyeupe, ngumu, inavunjika chini ya jino. Nikakitazama kile kisheti mpaka mama akanikanyaga mguu. Nikauliza nani kapika. Wakaniambia ni Bi Zuwena wa Wete.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa ukoo wa Kimanga, Waarabu wenye asili ya Omani. Walikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani, sasa walikuwa na nyumba kubwa inayovuja. Alipika visheti na kashata kwa ajili ya watu, na hakuna aliyethubutu kusema mbele yake kwamba ile ni biashara. Nilimkuta uani kwake, mwembamba, kajitanda ukaya mweusi, anachekecha sukari kwa kitambaa cha melimeli. Nikaamkia, nikasema nataka nifundishwe sukari.

"Waijua shira?" akaniuliza.

"Naijua."

"Basi rudi kwenu. Wajuao siwezi kuwafundisha."

Nikasimama pale. Nikafikiria ile hariri ya Gombani.

"Siijui, Bi Zuwena."

"Kaa," akasema, akanisukumia ungo.

Nilikaa kwake karibu miaka mitatu, nikilala chumba cha pili na kurudi Chake mwisho wa mwezi. Miezi ya mwanzo hakunipa mwiko. Kazi yangu ilikuwa kutwanga sukari kinuni, kuichekecha mara tatu, kuianika sinia juani kisha kuichekecha tena, na kutazama sufuria. Nikisema, "Imeshachemka," ananiuliza, "Umeiangalia au umeichungulia?" Baadaye nilielewa. Shira inabadilika haraka. Kwanza mapovu yake ni makubwa na yana kelele, kisha yanakuwa madogo na mazito, na sauti inashuka. Unadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likiwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza, karibu. Likigonga ukingo wa kikombe likalia, ondoa sufuria bila kusema neno na mtu. Na unatia matone machache ya ndimu tokea mwanzo, ili sukari isirudi kuwa chembechembe. Haya ni ya Asya, ayaandike ukutani.

Mwaka wa pili nilimweleza habari ya keki. Nilimwambia yote, mpaka kijiko na magoti. Hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Siagi ukiiacha sahanini saa sita mchana, hapa uani, yakuwaje?"

"Yawa mafuta."

"Na weye uliipaka keki mafuta, ukaifunika na bati, ukaipitisha juani. Ulitaka ifanyeje?"

Basi tukaanza kutafuta aisingi isiyokuwa na siagi. Niliwahi kumwona mke wa daktari akipiga ute wa yai ukasimama kama povu la sabuni. Nikamwambia Bi Zuwena, tuuchanganye ute na shira. Mara ya kwanza niliumimina ute ndani ya shira ya moto. Tulipata mayai ya kukaanga matamu. Bi Zuwena akayaonja, akasema yanafaa kwa adui. Mara ya pili tukageuza. Yeye akamimina shira kwa uzi mwembamba, mimi nikazungusha ile mashine, niliyoileta kutoka Chake, bila kusimama mpaka bakuli likapoa kabisa. Mkono uliniuma siku mbili. Lakini ilitoka nyeupe, inang'aa, ukigeuza bakuli haianguki. Niligeuza juu ya kichwa changu kuhakikisha. Bi Zuwena akaniambia nisifanye hivyo tena kwenye nyumba yenye heshima.

Msidhani tulimaliza pale. Ile aisingi ilihimili jua, haikuhimili unyevu. Ikikaa nusu siku wakati wa vuli ilitoa jasho, ikawa nata, na sisimizi wakaja kutoka vijiji vyote. Ikabidi kila mguu wa meza uwekwe ndani ya kopo la maji. Tukawa tunapaka vipande vya sahani zilizovunjika, tunaviandika kwa mkaa, tunavipanga kwenye ukingo wa kisima adhuhuri, kimoja kina ndimu zaidi, kimoja kina wanga kidogo, kimoja shira yake imeiva zaidi. Majirani walidhani ni dawa ya kurudisha mume.

Mwisho tulipata njia ya mipako miwili. Keki ipoe kabisa kwanza, usiku kucha, kwa sababu keki yenye joto hutoa mvuke na mvuke huo huilegeza aisingi kutoka ndani. Mpako wa kwanza ni ule wa shira na ute. Ukishakauka, unakuja wa pili, mwembamba, wa ute mbichi na sukari ya unga iliyochekechwa, kiganja cha wanga mkavu, na ndimu. Huu wa pili unakauka kama ganda. Maua nayo yanatolewa kwa mchanganyiko huo huo, yanakaushwa kivulini, penye upepo, siku mbili. Bakuli lioshwe kwa ndimu na kufutwa, lisiwe na hata alama ya mafuta, na kiini cha yai kikidondoka humo hata tone, wape watoto mayai hayo na uanze upya. Kuhusu kufunika, Bi Zuwena alikuwa na neno moja: kawa. Kawa la ukili linatia kivuli na linapitisha hewa. Bati ni tanuri.

Tulikuwa tumefika hapo alipokuja Mwalimu Omar.

Alikuwa kijana anayesomesha Mkoani, mrefu, mwenye kusafisha koo kabla ya kila sentensi. Alisimama nje ya mlango na Bi Zuwena akakaa ndani ya mlango, wakazungumza hivyo. Anaoa Kisiwa Panza, alisema, binti anaitwa Mwanakhamis. Alipokuwa chuoni Unguja alihudhuria harusi yenye keki nyeupe ya maua, akamhadithia mchumba wake kwa barua. Mchumba akawahadithia rafiki zake. Sasa kisiwa kizima kinaingoja keki, na kaka za binti wanasema walimu ni watu wa maneno, hakuna keki itakayofika. Siku zile hata mkate watu walikuwa hawanunuliani kwa sababu ya siasa, na hao kaka walikuwa upande mwengine na yeye. Walikuwa wanatafuta la kumcheka.

"Mwezi gani?" Bi Zuwena akauliza.

"Februari, inshallah."

Kisha nikamsikia anasema, "Riziki ataifanya."

Nilimngoja mwalimu aondoke, nikamwambia siwezi. Nikasema nitaitengeneza, lakini mtu mwengine aipeleke. "Nshawaaibisha watu mara moja, Bi Zuwena. Sirudii."

"Ndiyo maana nakutuma weye," akasema. "Mwengine ataifunika na bati."

Siku yenyewe tulitoka Wete kwa lori baada ya sala ya alfajiri. Nilikaa mbele, sinia mapajani, keki chini ya kawa kubwa. Mpango ulikuwa kufika Chokocho mapema, kuna maji, tuvuke mara moja. Gurudumu lilipasuka njiani karibu na Mtambile. Dereva alikuwa na spea, lakini hakuwa na jeki, ikabidi waitwe wanaume kutoka mashambani waliinue lori kwa mabega. Nikasimama chini ya mkarafuu nimeshika sinia, nikihesabu tasbihi kwa kidole gumba. Tulipofika Chokocho ilikuwa saa nne imepita. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hukupwa mbali. Bahari ilikuwa imekwenda zake, imebaki tope na mikoko, na ule mkondo wa maji uko mbali katikati, unamulika.

Mwenye ngalawa, mtu mzima anaitwa Faki, alikuwa ametumwa kunipokea. Nikamuuliza maji yatarudi lini.

"Alasiri," akasema.

"Harusi ni baada ya adhuhuri. Wageni wa Mkoani wataondoka na maji hayo hayo."

"Maji hayana habari na harusi, bibi." Akajikuna. "Twaweza kutembea mpaka mkondoni. Ngalawa iko huko. Nkuvushe, kisha tutembee tena upande wa pili. Nipe nibebe."

"Nitabeba mwenyewe."

Nikakunja buibui, nikajifunga kibwebwe, nikaweka kata kichwani na sinia juu yake. Tukashuka.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Tope lilikuwa la vifundoni, na Faki alitangulia akinionyesha pa kukanyaga. Tukavuka mkondo. Jua sasa lilikuwa utosini, hapana pa kulikwepa. Upande wa pili tope lilikuwa la magotini, jeusi, lenye mashimo ya kaa, na kila hatua lilitaka kubaki na mguu wangu. Niliona mbele minazi ya Kisiwa Panza, na chini yake wanawake wamejipanga na kanga zao, wameshatuona.

Mguu wangu wa kushoto ukaingia shimoni. Nikaanguka goti moja. Mikono yangu haikuachia sinia, lakini sinia liliinama, na nikasikia kawa linateleza. Likaanguka topeni, likageuka, likajaa tope ndani.

Faki aliliokota. Akalitazama, akanitazama. "Nivue shati niifunike?"

"Usiiguse!" nilipiga kelele. Nguo ikilala juu ya aisingi inakwenda nayo. "Iache. Iache wazi."

Nikasimama. Nikatembea.

Sijui kama mmewahi kubeba kitu kichwani ambacho hamwezi kukiona, na kitu hicho ndicho jina lenu. Niliwaona wanawake wanaiona keki yangu, na mimi siioni. Jua lilikuwa likiniunguza mikono, nikajua linaiunguza na keki vile vile. Nikawa nasikiliza kwa ngozi. Kila hatua nilingoja kitu kinidondokee. Na kweli kikadondoka. Nilihisi tone zito, la joto, linatoka kwenye nywele, linashuka katikati ya paji la uso, linapita puani. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Inakimbia.

Tone lilifika mdomoni. Nikalionja.

Chumvi. Ilikuwa jasho langu.

"Faki," nikamwita. Sauti yangu ilitoka ya mtoto. "Nitazamie. Iko vipi?"

"Nyeupe."

"Najua nyeupe! Yashuka?"

Akazunguka nyuma yangu, akarudi. "Haishuki. Imekaa tu."

"Na maua?"

"Moja halipo sawa. La pembeni."

Nikasimama katika tope. "Limeyeyuka?"

"Limevunjika," akasema Faki, akasogeza uso karibu na kichwa changu. "Limevunjika kama kigae, bibi. Kipande chake hichi hapa siniani."

Limevunjika! Mtu mwengine angelia kwa ua kuvunjika. Mimi nilianza kucheka, nikajizuia kwa sababu sinia lilikuwa linatikisika, nikacheka kwa ndani, machozi yakashuka njia ile ile ya jasho. Kitu kilichoyeyuka hakivunjiki. Saa sita ya mchana juani, na aisingi ilikuwa bado kavu kiasi cha kuvunjika. Faki alinitazama kama anayefikiria kama jua limenipata. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nikamwambia, "Twende," na nadhani hatua zilizobaki nilizimaliza kwa kukimbia, kama inawezekana kukimbia kwenye tope la magoti.

Wanawake walinipokea ufukweni. Hakuna aliyepiga kigelegele mwanzo, walikuwa wanaangalia. Mimi mwenyewe ndipo nikalitua sinia nikaiona keki. Ilikuwa imepata vumbi kidogo upande mmoja na lile ua limekatika. Mengine yote yalikuwa vile nilivyoyaacha Wete. Bibi yake bibi harusi, mzee anaitwa Bi Mize, alijipenyeza mbele, akanyoosha kidole akaigonga ubavuni. Ikalia, ko, ko.

"Mmeipaka chokaa?" akauliza.

"Sukari, Bi Mize."

Akaramba kidole. Akafikiri. "Nyumba yangu nayo nije niipake hii," akasema, na hapo ndipo kigelegele kilipotoka, kikapokewa mpaka kwenye minazi, mpaka kwa wanaume waliokaa barazani. Nikasikia huko mtu anasafisha koo, kisha sauti ya Mwalimu Omar inauliza, "Imefika? Imefika nzima?" na sauti ya mmoja wa wale kaka inajibu, bila furaha, "Imefika."

Nilinawa miguu kisimani, wakanipa kanga kavu. Keki ilipelekwa chumbani, chumba kile kile cha harusi zote, kimejaa, madirisha yamefungwa, ubani unafuka. Nilikaa karibu na mlango, tayari kutoka. Tabia haiishi siku moja. Mwanakhamis alikuwa msichana mdogo wa uso, hajala vizuri siku mbili kwa wasiwasi, waliniambia. Aliitazama keki muda mrefu, kisha akainua macho akanitafuta katika watu, akanitikisia kichwa kidogo tu. Nguo yake ilikuwa ya kijani. Hakuna kilichoidondokea.

Nikawaomba maji ya moto, nikakichovya kisu, nikakifuta. Kumbuka hili, Asya: kisu kiwe cha moto, ama ganda litapasuka lote. Nikamshika mkono bibi harusi tukakata pamoja. Ganda likapasuka kwa mlio mdogo, na ndani keki ilikuwa laini. Alipokitia kipande mdomoni kikalia kama kisheti, akashtuka, akacheka na mdomo umejaa. Chumba kizima kikacheka naye. Baada ya hapo sikuweza kuona ni nani anakula na nani anagombania maua, kwa sababu mikono ilikuwa mingi.

Niliteleza ukutani nikakaa chini, kwenye jamvi, katikati ya ngoma na kelele. Mtu aliniletea wali, nikaumaliza, akaniletea mwengine. Kisha nikalala pale pale, nimekaa, kichwa ukutani. Mwaka mzima uliotangulia harusi ile sikuwa nimelala hivyo.

Bi Mize ndiye aliyeniamsha. Wageni wa Mkoani walikuwa wanaondoka, maji yameshajaa. Alikuwa ameficha kipande cha keki ndani ya ncha ya kanga yake, akanitilia mkononi.

"Na weye ule. Nimekutazama, keki hujaila."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi kuila keki yangu harusini. Nikauma. Lile ganda lilikuwa kavu bado, likavunjika vizuri. Nikatafuna taratibu, Bi Mize ananitazama mdomo, anangoja nimwambie.

"Nzuri," nikamwambia. "Ila ndimu imezidi kidogo."